Graveli ya laki na nusu hadi laki na themanini: alumini mpya au chuma cha mtumba?

#1 Mkazi_wa_Kinoo
Wadau, hamjambo. Natafuta baiskeli ya graveli (ya usukani wa dropu, yaani uliopinda chini, na tairi pana za kupita vumbi) na bajeti yangu ni kati ya 150,000 na 180,000, helmeti na taa zikiwa humo humo. Siku za kazi natoka Kinoo hadi Westlands kwa Waiyaki Way. Wikendi ndiyo raha yangu: Thogoto, Dagoretti, Ngong, na mara nyingine zile njia za mashamba ya chai kule Limuru.

Nimebaki na mbili. Ya kwanza ni mpya dukani, fremu ya alumini, gia za Sora (za Shimano) za spidi 9, mbele meno 50/34 na nyuma 11-34, breki za diski za waya, tairi 700x38 (upana milimita 38). Ya pili ni mtumba wa nje, fremu ya chuma (chromoly), gia za GRX (Shimano pia) za spidi 10, mbele 46/30 na nyuma 11-34, breki za mafuta, tairi 42. Majina nitayaweka nikishanunua, zisije zikachukuliwa kabla yangu.

Zote nimezijaribu kwenye barabara moja ya vumbi nyuma ya Thogoto, ile yenye mawe yaliyochomoza na matuta ya mfululizo. Ya alumini ilinitetemesha mpaka vidole viwili vya mwisho vikafa ganzi. Ya chuma ilipita pale pale kwa utulivu, ingawa ni nzito zaidi kuinua. Swali langu: ni chuma kweli, au kuna kitu kingine? Kama ni chuma, nachukua mtumba. Kama ni kitu kinachorekebishika, naona afadhali mpya yenye waranti.

#2 TairiPana
Ni tairi, wala usihangaike. Kutoka 38 hadi 42 tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini hewa iliyo ndani inaongezeka sana, na hewa hiyo ndiyo shoki yako. Fremu zote mbili zina pembetatu ngumu, hakuna hata moja inayojikunja kwenda chini kwa kiasi utakachokihisi kuliko tairi. Ulijaza PSI ngapi (presha ya hewa)?

#3 ChumaHailali
TairiPana, hayo ya karatasi waachie wanaosoma karatasi. Mimi nimetumia alumini, nikahamia chuma na tairi zile zile nilizozihamisha kwa mikono yangu. Mtetemo ule mdogo mdogo wa marram, ule wa haraka, chuma kinaumeza. Shimo kubwa litakugonga tu kwa vyovyote, hapo nakubali. Lakini mwenye uzi hakuuliza mashimo, aliuliza vidole.

Halafu chuma kikivunjika Kajiado utapata mtu wa kuchomelea. Alumini ikipasuka ndiyo mwisho wa habari.

#4 Fundi_Dagoretti
Mimi ni fundi, nazipokea zote mbili kila wiki. Chuma cha chromoly kinachomelewa, ndiyo, lakini si na kila mwenye mashine ya kuchomelea milango. Mabomba yake ni membamba, mtu asiyejua anayachoma yanatoboka. Tusiwadanganye watu hapo.

Mwenye uzi, kabla hujasema chuma au alumini, niangalizie vitu viwili. Kwanza bomba la kiti, unene wake umeandikwa pale chini linapoingia kwenye fremu. Alumini kadhaa ni milimita 30.9 au 31.6, chuma nyingi ni 27.2. Bomba jembamba linayumba kidogo ukikaa, mgongo unapumzika. Pili, hewa. Baiskeli za dukani hujazwa kana kwamba zinakwenda kubeba magunia.

#5 Mkazi_wa_Kinoo
Asanteni. Ya dukani kijana alijaza mbele yangu, geji ilisoma 60. Ya mtumba sikupima, muuzaji alibonyeza kwa kidole gumba akasema iko sawa. Nina kilo 78. Mabomba ya kiti nitaangalia.

#6 TairiPana
60 kwenye 38! Kesi imekwisha. Kwa kilo 78 anza na PSI 38 nyuma na 35 mbele, halafu shuka kidogo kidogo mpaka uanze kuhisi rimu inagonga mawe, kisha upande mbili. Ukiwa na tyubu usishuke sana, utapata zile pancha za matundu mawili sambamba, rimu inapobana tyubu dhidi ya jiwe.

#7 ChumaHailali
Kesi haijaisha. Bomba la kiti haliwezi kuponya vidole, maana vidole viko mbele. Na ile ya mtumba nayo huenda ilikuwa na 60, nani alipima?

#8 Mpwani_Jijini
Ndugu zangu, salamu. Nawasoma nashangaa. Mtu anaishi Kinoo, akitoka nje ni mlima, akirudi ni mlima, nyinyi mnazungumza vidole! Angalieni gia kwanza.

Ya alumini, gia nyepesi kabisa ni 34 mbele kwa 34 nyuma, yaani pedali ikizunguka mara moja gurudumu nalo linazunguka mara moja, kama mita 2.2. Ya chuma ni 30 kwa 34, mita 1.94 hivi. Ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika, ya kwanza inakutaka uende karibu kilomita 8 kwa saa, ya pili inakuruhusu kwenda 7. Kilomita moja hiyo usiidharau. Kwenye udongo mwekundu wenye unyevunyevu, ukilazimika kusimama juu ya pedali gurudumu la nyuma linateleza papo hapo. Anayeweza kukaa kitini ndiye anayefika juu bila kushuka.

Mimi nimetoka Mombasa ambako kilima ni daraja la Nyali. Nairobi ndiyo iliyonifundisha kuhesabu meno.

#9 KasiYaThika
Mpwani umesema vyema lakini umesahau jawabu rahisi: gia moja ya mbele. Tafuta yenye meno 40 mbele na kaseti (meno ya nyuma) ya 11-42. Inapanda kuliko hizo zote na vitu vya kuharibika vinapungua.

#10 Mpwani_Jijini
KasiYaThika, chukua kikokotoo mwanangu. 40 kwa 42 ni 0.95. 30 kwa 34 ni 0.88. Inaishinda Sora ya mwenye uzi, haiishindi GRX ya mtumba. Sifa ya gia moja ni unyenyekevu wake kwenye matope, pale mbele hakuna direla (kile kifaa kinachohamisha cheni) ya kujaa udongo. Mlima ni habari nyingine.

#11 KasiYaThika
Sawa, kwa hesabu hiyo uko sahihi. Lakini kwenye matope bado nasimama na yangu.

#12 Mama_Pacha
Habari zenu. Mimi ningeanza na breki. Mmewahi kuteremka kutoka Kona Baridi kuelekea Olepolos na breki za waya za bei nafuu? Mteremko ni mrefu, upepo unakupiga ubavuni, malori ya magadi yanapanda. Mikono yangu ni midogo. Na breki za waya nilikuwa nafika chini viganja vimechoka, nalazimika kusimama njiani nivikunje na kuvikunjua. Za mafuta unabana kwa kidole kimoja, na mkono unaobaki unashika usukani vizuri. Hata ganzi yangu ilipungua, kwa sababu nilikuwa sibani tena usukani kwa hofu.

Kwa hiyo Mkazi_wa_Kinoo, huenda vidole vyako ni breki. Kwenye matuta mtu hujishikilia zaidi pale anapojua breki zake ni ngumu.

#13 Fundi_Dagoretti
Mama_Pacha hoja yako ina uzito, sikuifikiria. Ila nimtetee kidogo huyu wa waya. Waya ukikatika Isinya, fundi yeyote wa blakimamba atakupa waya. Mafuta yakivuja Isinya utarudi mjini kwa pikapu.

Na jambo hili nalisema kwa nguvu kwa sababu nimeona breki nzima zikitupwa: Shimano inatumia mafuta ya madini. Breki nyingi za SRAM za baiskeli hizi zinatumia DOT, jamii ya yale ya magari. Ukichanganya, mipira ya ndani inavimba na lever (mkono wa breki) inabaki imelala. Mtumba unapofika huwezi kujua wa kwanza aliweka nini. Angalia kifuniko pale kwenye lever, huandikwa. Kama muuzaji hajui, toa yote yasafishwe kabla ya safari ya kwanza.

Jambo jingine: kwenye diski za bei ya chini kuna maandishi madogo yanayosema zitumie pedi za resini tu. Resini ni tulivu lakini mvua ya masika na udongo wa Limuru zinaimaliza haraka. Pedi za chuma zinadumu, ila ukiziweka kwenye diski hiyo zinaila. Kwa hiyo soma diski pia.

#14 Spea_Kila_Mahali
Naongezea upande wa spea, maana bajeti ya kati huliwa na spea. Kwa Nairobi spidi 9 na 10 ni nzuri kwa sababu cheni na kaseti zake zipo na hazina bei ya kutisha. Spidi 12 utaagiza na kungoja. Na ukichukua ile ya GRX, direla na kaseti za Deore (za Shimano, za baiskeli za milimani) za spidi 10 zinaingiliana nayo, zimejaa kila mahali.

#15 Fundi_Dagoretti
Hapana, hapo nakurekebisha. Kaseti ya spidi 10 ndiyo, inaingia, na direla ya GRX ya spidi 10 inameza hadi meno 36. Lakini direla ya Deore ya spidi 10 haiendi na shifta (vibadilishi vya gia) hizo, kiasi cha waya kinachovutwa kwa kila kubofya ni tofauti. Itaruka gia hadi uchoke.

Spidi 9 ndiyo iliyo huru. Shifta za Sora za spidi 9 zinavuta sawa na direla za MTB (baiskeli za milimani) za spidi 9, Alivio na Deore za zamani. Kwa hiyo yule wa alumini anaweza kuweka direla ya Alivio na kaseti ya 11-36 akashuka hadi 34 kwa 36. Ni 0.94. Bado haijaifikia ile ya mtumba lakini magoti yatashukuru. Nimewafungia wateja, inafanya kazi safi.

#16 Spea_Kila_Mahali
Asante fundi, hiyo ya Alivio naichukua.

#17 RongaiHadiMagadi
Wote mnaongea kama mvua hainyeshi na miiba haioti. Niwape picha ya upande wetu. Ukipita Kiserian ukaingia zile njia za ng'ombe, chini kuna matawi makavu ya migunga. Mwiba ni mweupe, mrefu kama kidole, na ncha yake inakatikia ndani ya mpira. Unatoa tyubu, unabandika kiraka, unarudisha, unajaza, unasikia tena psss, kwa sababu ile ncha imebaki ndani ya tairi na huioni. Lazima upitishe vidole ndani polepole, mzunguko mzima, mpaka ikuchome. Ukiipata, isukume itokee nje.

Kwa hiyo kabla ya chuma na alumini uliza: rimu zinakubali tyubulesi (tairi bila tyubu)? Ile dawa nyeupe ya kuziba inafunga tundu la mwiba wewe ukiwa bado unakanyaga. Ila joto la kule chini linaikausha, kwa hiyo iongeze kila baada ya miezi miwili mitatu.

Na udongo mweusi wa Kitengela na Isinya ukilowa, usidanganywe na nafasi ya tairi. Hata fremu ya kupitisha 50 inajaa. Unabeba baiskeli begani, na viatu vyako vinabeba shamba. Subiri likauke siku mbili au zunguka kwa lami.

#18 Haditeli_Daima
Kwa nini asichukue MTB ya shoki ya mbele na gia moja tu ya mbele, kwa bajeti hiyo hiyo? Vidole vimepona, mlima umepona (32 kwa 51 ni 0.63, Mpwani hesabu mwenyewe), na msitu wa Karura anaingia bila wasiwasi.

#19 Mpwani_Jijini
Nimehesabu, ni sawa. Lakini Waiyaki Way kila asubuhi na usukani mpana katikati ya matatu mbili?

#20 Haditeli_Daima
Usukani unakatwa kwa msumeno. Njia ya Ngong kwenda Suswa nimepita na watu wa graveli; kwenye lami wananiacha, kwenye mawe ya kuteremka nawangojea chini.

#21 Mama_Pacha
Na kwenye upepo wa Isinya wanakungojea wewe. Kila mtu na barabara yake.

#22 Msomaji_wa_Mbio
Wengi tuliingia graveli baada ya Migration Gravel Race kule Maasai Mara mwaka 2021, siku nne za kukimbia kwenye vumbi letu wenyewe. Tulimwona mwendesha baiskeli wetu, marehemu Sule Kangangi, na wenzake wa Team Amani wakikabana na wageni waliokuja na baiskeli za bei ya gari. Alifariki Agosti 2022 katika mbio za graveli huko Vermont, Marekani, na mimi kila nikipanda Ngong namkumbuka. Yeye alitaka Mkenya wa kawaida aone kwamba njia zake za vumbi ni uwanja wa mbio. Ndiyo maana naufurahia uzi huu.

Kwa upande wa vifaa, GRX yenyewe ilitoka 2021 pia, kwa hiyo mtumba huo hauwezi kuwa mkongwe.

#23 TairiPana
Pole kwa kumbukumbu, umesema vizuri. GRX ilitoka 2019. Mtumba huo unaweza kuwa na umri zaidi ya unavyodhani, na breki za mafuta za miaka yote hiyo zinataka kuangaliwa.

#24 Dalali_Mstaafu
Niongee habari za mtumba, nimeuza vya kutosha. Geuza baiskeli usome namba chini ya pedali. Kama imekwaruzwa, ondoka hata kama bei ni tamu. Pima cheni kwa kipimo, ikipita asilimia 0.75 jua kaseti nayo imelika, hiyo ni gharama yako. Piga jicho chini ya makutano ya bomba la mbele, rangi iliyojikunja hapo ni dalili ya kugonga ukuta au gari. Kwenye chuma toa bomba la kiti uangalie kutu kwa tochi. Na omba hanga ya akiba, kile kipande kidogo kinachoshika direla. Kila modeli ina ya kwake, na kikipinda Limuru hakuna wa kukuuzia.

Wanaofikiria kuagiza wenyewe kutoka Ulaya, bei ya kwenye tovuti si bei yenu. Kuna usafiri, kuna ushuru, halafu VAT ya 16% inayohesabiwa juu ya vyote hivyo.

#25 Mkazi_wa_Kinoo
Wadau, nimerudi. Nilikwenda na pampu yangu yenye geji. Ya mtumba ilikuwa na 32, kwa hiyo ChumaHailali ile ya "huenda nayo 60" haikuwa hivyo. Nikaweka zote 36 na kupita barabara ile ile ya Thogoto, kwenda na kurudi.

Tofauti imepungua sana lakini haijaisha. Ya alumini haikunitia ganzi mara hii, ila bado naisikia zaidi kwenye viganja. Mabomba ya kiti: alumini 30.9, chuma 27.2, kama fundi alivyobashiri. Foki ya alumini ni ya kaboni, ya mtumba ni ya chuma. Diski za ile mpya zimeandikwa resini tu.

#26 TairiPana
Imepungua sana = tairi. Kinachobaki ni zile milimita 4. Mwambie wa dukani akuwekee 42 kama fremu inapitisha.

#27 ChumaHailali
Haijaisha = chuma. Hewa moja, barabara moja, mtu mmoja. Foki ya chuma iliyopinda kwa mbele inanesa, tazama ukiwa umebana breki kali uone inavyocheza.

#28 Fundi_Dagoretti
Mnaweza kuwa nyote mnabahatisha. Umbali wa kufikia usukani ulikuwa sawa? Kama ile ya dukani ni ndefu kwa sentimita mbili, uzito wa kifua unaegemea viganja, na neva ya upande wa kidole cha mwisho inabanwa. Tepu ya usukani nayo: ile ya dukani ni nyembamba au nene? Tepu nene ni pesa kidogo sana. Na shikilia juu ya hudi za breki (yale mashikio ya mpira), ubadilishe mahali pa mkono kila baada ya muda, usukani wa dropu uliwekwa kwa sababu hiyo.

#29 Mama_Pacha
Nami bado nasema breki. Jaribu tena usiguse lever kabisa kwenye sehemu ya tambarare, uone kama viganja vinalalamika sawa.

#30 Mkazi_wa_Kinoo
Tepu ya dukani nyembamba, ya mtumba imezungushwa mara mbili! Sikuona mpaka uliposema. Urefu nitapima Jumamosi, muuzaji amekubali kunishikia hadi hapo.

#31 ChumaHailali
Pima na uzito wa tepu basi, kila kitu isipokuwa chuma.

#32 Mdogo_wa_Kikuyu
Samahani kuingilia. Nina urefu wa sentimita 155, nami natafuta ya bajeti hiyo hiyo. Kila niliyojaribu, nikikata kona polepole ncha ya kiatu inagusa gurudumu la mbele. Ni kawaida?

#33 Fundi_Dagoretti
Kwa fremu ndogo zenye gurudumu la 700 hutokea sana, mara nyingi kwenye kona kali za mwendo mdogo. Tafuta iliyotengenezwa na magurudumu ya 650b tangu kiwandani. Kipenyo cha rimu ni milimita 584 badala ya 622, kwa hiyo gurudumu linakaa mbali kidogo na kiatu. Na usinunue size 52 kwa sababu ndiyo iliyobaki dukani.

#34 Mama_Pacha
Mdogo_wa_Kikuyu, mimi nina 158 na yangu ni 650b yenye tairi 47. Njoo Karura asubuhi ya Jumapili uijaribu. Beba pedali zako kama unatumia za kubana viatu, na uniambie urefu wa mguu wako kwa ndani ili niteremshe kiti kabla hujafika.